Mama Mawe na Mlima Uliopasuka

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mawe, alizaliwa nyumbani kwetu tarehe 3 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, na tangu utotoni alikuwa mwoga, radi ikipiga aliingia uvunguni, nasi wadogo zake tukimcheka mpaka mama atukanye.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akahitimu chuo cha madini mwaka 1981, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa kupima miamba, kazi iliyomzungusha karibu bara zima, jangwani ambako mchana huunguza na usiku maji huganda chupani, misituni ambako mvua haikatiki na dhahabu imelala chini ya matope, hadi vileleni kwenye theluji, na kila barua aliyotuandikia ilikiri kwamba anaogopa.

Tarehe 14 Agosti 1991, chini ya mlima wa moto uliolala miaka mingi, alikuta maji ya kisima cha kitongoji kimoja yamepata joto na mbuzi saba wamekufa bondeni bila jeraha, akajua kinachokuja, lakini alipoiarifu ofisi, ikamwagiza kwa simu ya upepo asiwatie watu hofu. Dereva wake akamwambia, "Dada, tuondoke, gari nimeshaliwasha," naye akajibu, "Naogopa, lakini hawa watu hawajui," akashuka, akabisha mlango hadi mlango huku analia, na pengine machozi hayo ndiyo yaliyowashawishi, maana kitongoji kizima kilihama kabla ya magharibi, isipokuwa mume na mke waliokataa kuacha ng'ombe wao. Alfajiri mlima ukapasuka. Hao wawili aliwataja katika sala zake maisha yake yote.

Dereva huyo alimwoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa mabinti pacha.

Alianza kuugua mapafu Machi 2019, na wiki ya mwisho alimuuliza daktari kama mtu huhisi pumzi ikikatika, daktari akaketi kitandani, akamweleza bila kumficha. "Naogopa, mwanangu," dada alimwambia. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Oktoba 2020, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliosafiri siku mbili kufika hapa.

Pumzika kwa amani, dada, sasa ni zamu yetu kuogopa, na bado kubisha mlango.