Sisimizi wa Birika

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Randa, seremala, na kahawa anatuuzia Birika. Juzi Birika kamfukuza mkewe. Kosa: sisimizi walijaa kitandani, wakamng'ata mtoto sikio. Akamwambia ni mchafu, achukue mtoto aende kwao. Tangu siku hiyo sitaki hata kumwona, lakini kahawa yake naendelea kunywa, na hilo nalo linaniudhi.

— Sisimizi hawaji hivi hivi, Birika akasema, anamimina kwa hasira. Nyumba ya mwanamke mvivu wanaijua.

— Wanaijuaje? nikauliza.

— Wanainusa.

Chaki, mwalimu mstaafu, akaweka kikombe chini.

— Kwenye kunusa umepatia. Sisimizi ananusa kwa vipapasio, vile viwili vya kichwani. Harufu ikigusa pale, mishipa ya fahamu inaifikisha kwenye ubongo, miguu inafuata. Wa kwanza akipata sukari anarudi kwao akiacha harufu njia nzima, na wenzake wanaifuata. Hawajamjadili mkeo.

— Kadudu kale kana ubongo? Randa akadakia. Mwalimu, usitufanye watoto. Zile ni antena, kama za redio. Malkia anatoa amri: leo wote kwa Birika.

— Na malkia ni mwanamke, Birika akasema. Wanawake wanajuana.

— Kwa hiyo mkeo kapanga njama na malkia wa sisimizi, nikamwambia. Unajisikia unavyoongea?

— Usiniingilie nyumba yangu.

— Nyumba umeileta benchi mwenyewe.

Randa akasema labda mishipa yao imeungana na ya binadamu, mke akinuna tu wanapata habari. Hakuna aliyecheka.

— Birika, Chaki akauliza taratibu, sukari ya kahawa unaiweka wapi?

— Chini ya kitanda, isiibiwe. Na gunia nalifunga mwenyewe, kwa hiyo usianze.

Chaki akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Hapo akafika kaka wa mkewe, ana mkoba mtupu begani. Alitusalimia wote vizuri, kahawa akaikataa.

— Shemeji, nimefuata nguo za dada na za mtoto. Ila mama kanituma nikuulize kitu kimoja. Tangu dada aondoke, sisimizi wameisha?

Birika akatutazama mmoja mmoja. Randa akainama kutafuta penseli yake. Mimi nilimkazia Birika macho, nikingoja jibu.

 Alikuwa anajikuna shingo iliyojaa vipele.