Chapa Nne za Mwisho za Vahram Kondurajian

Marehemu Vahram Kondurajian alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika mtaa wa Nor Marash, Bourj Hammoud, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Hagop na mkewe Yeranuhi. Mimi, Arpiné, ndiye niliyemfuata, na hatukuwa na mwingine.

Alisoma shule ya parokia yetu kuanzia 1957 hadi 1966. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore kiatu. Vahram alipaka wino soli ya kiatu chake, akakanyaga daftari.

"Kondurajian, nimesema chora, sijasema kanyaga!"

"Kimejichora chenyewe, mwalimu."

Alichapwa. Daftari hilo ninalo.

Mwaka 1974 alirithi karakana ya baba. Asubuhi alishona viatu. Alasiri alijifungia na magunia ya soli kuukuu, visigino na misumari. Miaka ile ya vita mlango uliofungwa ulitiliwa shaka. "Huyo anaficha silaha," majirani walisema. "Nani ajifungie kwa ajili ya soli?" Alipowafungulia, walikuta sanamu zisizofanana na mtu wala mnyama.

"Sasa hii ni nini, Vahram?"

"Soli. Itazame tu."

Chapa zake, picha za wino karatasini, alizitoa kwa mashine ya kubandikia soli. Alichonga kipande cha soli ya mpira, akakipigilia ubaoni kwa msumari mmoja, akakipaka wino na kukikandamizia karatasi. Kila soli ilitoa chapa kumi na mbili tu. Kisha aliikata kwa kisu cha baba mbele yetu, akatoa moja ya ziada kuonyesha mkato, ili mtu asije akaitumia tena. Mimi niliandika tarehe na namba katika daftari langu.

Tarehe 7 Oktoba 1979 alimwoa Azniv, mshonaji wa ngozi za viatu. Walijaliwa Talin na Hovig.

Tarehe 3 Novemba 2021 kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia. Kazi iliyokuwa mezani iliitwa "Kizingiti", na alikuwa ametoa chapa nne.

Mei 2023 niliona chapa ya tisa ya "Kizingiti" ukutani dukani kwa Bwana Jabbour, aliyeuza kazi za Vahram miaka mingi.

"Hii ilitoka lini?"

"Bibi Arpiné na daftari lako! Kaimalizia mwenyewe juzi juzi."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto. Msanii hashindwi."

Mashine ile huvutwa kwa mikono miwili. Na ufunguo wa karakana alikuwa nao Azniv peke yake. Niseme mbele yenu: nilimshuku wifi yangu. Miezi miwili nilihesabu karatasi, nikapima wino chupani, nikamnusa mikono.

"Wifi, unaninusa kama paka," alisema. "Sema unachotafuta."

Nilimwambia. Alivaa koti, tukaenda dukani, akapitisha kidole kwenye ile chapa. Kila chapa ya Vahram ina kovu la msumari, hata kipofu hulipapasa. Pale palikuwa laini. Ilikuwa nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha. Soli haikuwa imetoka karakanani, na mimi nilimwomba Azniv msamaha mbele ya Jabbour.

Jabbour aliishusha ukutani. Wiki hiyo hiyo akatuma salamu: apewe soli yenyewe, "aihifadhi". Ameiomba mara tatu. Ya tatu ilikuwa juzi, hapa msibani.

Tulimsihi Vahram aikate. Alikataa kwa kichwa. Alitumaini bado kuzitoa zile nane. Alifariki nyumbani Ijumaa, 9 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Azniv, watoto, Talin na Hovig, wajukuu watatu, na mimi dada yake. Jana Azniv aliikata soli ya "Kizingiti" kwa kisu cha baba, mbele yetu sote. Mstari mweupe mnaouona kwenye chapa ya ziada, iliyonakiliwa nyuma ya karatasi hii, ndio mkato huo. Chapa za kweli ni nne, ya kwanza hadi ya nne. Soli yenyewe imo ndani ya jeneza, miguuni pake.

Bwana Jabbour, usiiombe tena.

Kaka, daftari nimelifunga. Pumzika sasa, kwa amani.