Aminieli Sumari wa Akheri, Mgema Mpira (1881–1916)

Marehemu Aminieli Sumari alizaliwa Akheri, upande wa juu wa mfereji, mwaka 1881, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sumari na Mama Anyesi. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alikumbuka kwamba ng'ombe walipokufa kwa sotoka, mtoto huyu alikuwa ameshachunga mbuzi peke yake kwa misimu miwili, na hesabu hiyo ndiyo iliyokubaliwa kanisani.

Alianza kusoma akiwa mtu mzima, mwaka 1903, katika shule ya misheni ya Nkoaranga. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mwalimu alipomhimiza aongeze mwendo, alijibu, "Mwalimu, maneno haya yameketi, hayakimbii." Alibatizwa sikukuu ya Krismasi, mwaka 1905.

Jumapili tarehe 18 Februari 1906 alifunga ndoa na Naipanoi wa Sokon, aliyebatizwa Ruth. Ruth alikuja na mdogo wake wa kiume, Lemburis, aliyekuwa na miaka tisa, kwa sababu baba yao alikuwa amefariki na mama yao alikuwa mgonjwa. Marehemu alimlea kama wa kwake. Baadaye wakazaliwa Tabea, mwaka 1907, na Efraimu, mwaka 1911.

Juni 1907 alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mpira nyuma ya Muheza, akakaa huko miaka sita, ila miezi michache ya mwaka 1910 aliyokuja nyumbani. Kazi yake ilikuwa kugema. Alipaka gome la mti maji ya ndimu, akalidunga kwa kisu chembamba, na utomvu mweupe ukatoka na kuganda papo hapo. Aliubandua, akauviringisha mpaka ukawa donge kama kichwa cha mtoto. Madonge yaliyochafuka yalitumbukizwa katika maji ya moto, yakalainika na kushikana upya. Yote yalipelekwa Tanga, yakapakiwa melini. Wagema waliuliza yanakwenda kufanywa nini, na hakuna aliyewajibu. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, mashamba yakafungwa, naye akarudi Akheri.

Mwaka huohuo aliajiriwa na mlowezi mmoja wa Usa, aliyekuwa na motokaa. Siku ya kwanza marehemu aliinama akainusa tairi, kisha akamwambia dereva Elirehema, "Huyu namjua. Nilimkama mimi, akiwa maziwa."

"Basi mwambie mwanao aache kupasuka," akajibu Elirehema.

Kuanzia siku hiyo kuziba na kujaza upepo ikawa kazi yake. Mawe ya mlima wetu hayakuihurumia mipira ile. Mpira wa ndani ulipokufa kabisa, alijaza majani makavu, na gari likaendelea.

Vita vilipoanza, Agosti 1914, gari lilichukuliwa kubeba shehena za jeshi, pamoja na Elirehema na marehemu. Meli hazikuja tena na tairi mpya hazikupatikana. Mwaka uliofuata, wiki ya pili ya Agosti, gari lilisimama Usa, tairi yake moja ikiwa imechanika hadi kwenye turubai la ndani, na mbili za akiba zikiwa zimekwisha vivyo hivyo. Shehena ikabidi ibebwe na watu. Mnyapara Lomayani alikusanya vijana, na mmoja wao alikuwa Lemburis, miaka kumi na minane, aliyekuwa anapona homa ya mapafu. Ruth alisema waziwazi kwamba mdogo wake hatafika mto wa pili.

Marehemu alikwenda kwa mnyapara.

"Nipe tairi zile zilizokufa," alisema. "Kati ya tatu nitakutolea moja nzima."

"Wewe Mmeru, unafufua mpira?"

"Nimeugema miaka sita. Ukipata moto unalainika, unashikana."

"Haya. Jumatatu gari likitembea, shemeji yako atarudi kwa dada yake. Lisipotembea, mzigo wake uko pale."

Alizikatakata tairi mbili, akazipika siku mbili katika chungu kikubwa cha pombe cha mama yake, akitia ndimu. Mpira haukulainika. Ulitoa moshi mweusi na harufu iliyofika mpaka kanisani. Hakuwa na njia ya kujua kwamba kiwandani Ulaya mpira hupikwa pamoja na madini ya kiberiti, yaani salfa, na ukishapikwa hivyo haurudi tena kuwa utomvu.

"Baba Tabea," Ruth alimwuliza, "hicho kitaliwa na nani?"

"Na gari."

"Basi gari lina tumbo la fisi."

Alicheka, akauzima moto. Akachukua kisu, akakata vile vipande na tairi ya tatu kwa kufuata nyayo za wapagazi. Jumatatu tarehe 16 Agosti alifika Usa na jozi kumi na moja za katambuga, ndara za mpira, na tairi hata moja hakuwa nayo.

"Uliniahidi gurudumu!" alisema Lomayani.

"Gurudumu limenishinda, Mnyapara. Lakini watu hawa wanakwenda pekupeku juu ya mawe yaleyale yaliyolichana."

Lomayani alizikagua, akavaa jozi moja. "Hizi nazichukua. Ila mzigo bado uko palepale."

"Najua. Mfute Lemburis, uniandike mimi."

"Una miaka mingapi, mzee?"

"Inatosha kubeba."

Lemburis alikataa kwa sauti mbele ya watu wote. Marehemu akamwambia, "Shemeji, nenda kwa dada yako. Usinibishie hadharani."

Alibeba miezi mitano, kati ya Arusha na kambi za njia ya Taveta. Katambuga alizogawiwa zilipokwisha nyayo, alizikata kamba za kufungia mizigo. Kamba zilipokatika, vipande vyake viliwashia moto siku za mvua. Wapagazi wenzake wanasema hakuna kilichotupwa.

Alirudishwa tarehe 6 Januari 1916 akiumwa kuhara damu. Aliuguzwa nyumbani na mkewe na Lemburis, wakipokezana kumnywesha uji. Alifariki Jumatano tarehe 19 Januari, kabla ya saa sita mchana. Siku moja kabla yake Lemburis alimwambia, "Shemeji, mzigo ule ulikuwa wangu." Akajibiwa, "Ulikuwa wa gari."

Marehemu ameacha mama, Anyesi, mjane, Ruth, watoto wawili, Tabea na Efraimu, na shemeji yake Lemburis, mzima wa afya, ambaye amelichimba kaburi hili tangu alfajiri na hakukubali kupokewa jembe.

Bwana amtue mzigo, alale salama.