Sista Eufrasia Ndunguru, Aliyeuliza "Homoni Gani?"

Tarehe 30 Juni 2026, Muuguzi Mkunga Eufrasia Ndunguru anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, ishirini na mitatu kati yake akiwa katika kituo chetu hapa Kigoma. Wagonjwa humwita Sista. Sisi wenzake humwita "Homoni Gani", naye anajua.

Jina hilo alilipata kwa haki. Katika kliniki ya matatizo ya hedhi aliyoianzisha, yeyote aliyeandika kwamba tatizo ni "homoni" alirudishiwa faili likiwa na maneno hayo mawili kwa wino mwekundu. Hedhi huweza kuvurugwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kivivu, na ovari zisizopevusha mayai kwa wakati, au na sindano ya uzazi wa mpango, na kila chanzo kina tiba yake. Ujauzito, alisisitiza, hupimwa kwanza, hata kwa mwanamke anayeapa kwamba haiwezekani.

Ukali huo ulitokana na kosa, na kosa lilikuwa lake. Mwaka 2003, wiki tatu tu baada ya kuhamia kutoka Mbinga, alimpokea Gloriose, mchuuzi wa dagaa wa Katonga, ambaye ameturuhusu kumtaja. Gloriose alieleza kwamba haoni mwezi, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Sista, aliyezoea kusikia wanawake wakisema "siku zangu", aliandika "haoni usiku" na kumpeleka chumba cha macho.

Mtaalamu wa macho, Mzee Anatoli, hakukuta ugonjwa huo. Alikuta jambo jingine: Gloriose hakuona vitu vya pembeni, kulia wala kushoto. Alipozidi kuhojiwa kuhusu mwezi, mama yule alichoka: "Baba, mimi nasema mwezi wa wanawake, si huu wa juu." Walicheka wote, Gloriose akiwa wa kwanza. Aliyeacha kucheka mapema ni Anatoli, akaagiza Sista aitwe.

Malalamiko hayo mawili, yakisikilizwa pamoja, yalielekeza mahali pamoja: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Gloriose alipohojiwa upya alikiri kwamba matiti yake hutoa maziwa ingawa hakuwahi kunyonyesha, na kwamba wakwe walishaanza kuulizia mtoto kwa sauti ya juu. Alipanda treni hadi Dar es Salaam, ambako ilithibitika kuwa ana uvimbe usio saratani. Uvimbe huo ulizalisha kwa wingi prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo ikizidi huzuia yai kupevuka; tena ulikuwa ukibana mishipa ya macho. Hakupasuliwa. Vidonge viliusinyaza, uoni wa pembeni ukarudi, na mwezi wa tano wa tiba hedhi ikarejea.

Tangu hapo Sista hakuandika neno la mgonjwa kabla ya kumwuliza maana yake. Alijifunza pia kuhesabu kama wanavyohesabu Katonga, ambako wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi na kurudi ziwani siku za giza zikiingia. Badala ya kudai tarehe, aliuliza kama damu ilikuja kabla au baada ya wanaume kupumzika. Kumbukumbu zetu zikaanza kuaminika.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema kwamba Sista alimwokoa Gloriose. Aliifuta sentensi hiyo na kuandika pembeni kwamba bahati si utaalamu: mgonjwa mwingine angepewa vidonge vya vitamini, akarudi nyumbani na kupofuka. Aliomba wauguzi wapya wasimuliwe kisa hiki kama kosa, na tumetii. Gloriose, tulipompelekea habari hiyo, alijibu kwamba kama ni kosa, basi linaitwa Ishimwe na linasoma chuo, mwaka wa pili.

Tunakushukuru, Sista. Nyumbani kwako Buzebazeba tunakuombea afya, furaha na siku nyingi zisizo na mafaili.