Beji ya Kwanza ya Gundi

Mgeni rasmi, Kamishna wetu wa skauti, Mwalimu Mkuu uliyetuachia darasa hili la mwisho tulitumie kila Jumamosi, wazazi wetu, nawe muuguzi uliyekaa karibu na dirisha: tunawasalimu kwa mkono wa kushoto, ule ulio upande wa moyo.

UKARIBISHO

Jisikie uko kwenu, mgeni rasmi. Tumedeki sakafu mara mbili tangu asubuhi, na kiti ulichokalia ni cha Mwalimu Mkuu mwenyewe. Umekuja kutuvika beji kumi na nne. Tunaomba radhi kwamba risala hii itazungumzia zaidi moja tu, ya msichana wa miaka kumi tunayemwita Gundi. Baba yake, fundi viatu, ametupa ruhusa ya kusimulia. Alisema, "Semeni yote, ila msiseme kwamba nililia." Kwa hiyo hilo hatulisemi.

HISTORIA YA KUNDI

Kundi letu lina miaka minne. Lilianza na watoto saba na kamba ya kuanikia nguo, ambayo kiongozi wetu aliifungua nyumbani kwake ili tujifunze mafundo. Yeye ni fundi cherehani. Skafu zote mnazoziona shingoni mwetu alizishona kwa mikono yake, na sote tunamwita Shangazi. Leo tuko thelathini na mmoja.

Gundi alijiunga mwaka jana. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu vidole vyake vilinukia gundi ya viatu, na kwa sababu hakuwa akibanduka mlangoni. Wenzake tukifunga mafundo, yeye husimama kizingitini akitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha baba yake. Ikigonga saa kumi, huyoo, keshaondoka. Tulimcheka. Tunalisema mbele yako, mgeni rasmi, kwa sababu ni kweli na linatutia aibu.

Shangazi alimfungulia kitabu cha beji Jumamosi tatu mfululizo.

"Chagua moja tu, mwanangu. Ile inayokuvutia."

"Hakuna ninayoiweza, Shangazi."

"Hata ya mapishi?"

"Kupika napika. Lakini hizi zote zinataka muda." Na macho yake yakarudi mlangoni.

MAFANIKIO

Jumamosi ya nne, kama saa tisa alasiri, tuliona watu wanakimbilia kibanda cha fundi. Baba yake Gundi ana kifafa. Hatukuwa tunajua. Tulipofika ukingoni mwa barabara, mtu mmoja alikuwa amemkalia miguu, na mwingine ameshika kijiko anataka kumtia mdomoni. Gundi alikuwa ameshavuka.

"Msimshike! Mwacheni! Kijiko hapana, mtamvunja meno!"

Watu wazima wakamsikiliza. Akasogeza mbali nyundo na kisu cha kukatia ngozi. Akavua skafu yake, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kichwa cha baba. Akamwambia muuza magazeti, "Mjomba, tazama saa. Zikifika dakika tano niambie, tuite gari la wagonjwa." Hazikufika hata tatu. Mwili ulipotulia akamgeuza ubavu, akamwinamia sikioni.

"Baba, ni mimi. Uko kazini. Leo ni Jumamosi. Imekwisha, baba, pumzika."

Kisha akachukua aproni iliyokuwa msumarini, akamfunika kiunoni, maana suruali ilikuwa imelowa na hakutaka watu waone. Sisi tulisimama upande wetu wa barabara, hakuna hata mmoja aliyecheka.

Wiki iliyofuata Shangazi alifungua kitabu kwenye ukurasa wa Huduma ya Kwanza. "Na hii je?"

Gundi akausoma wote, kidole chini ya kila mstari, kisha akatikisa kichwa. "Huu si ujuzi, Shangazi. Huyu ni baba."

Shangazi alikifunga kitabu. Halafu akamshika mkono wakavuka barabara pamoja, nasi tukawafuata kama vifaranga.

Fundi alisikiliza huku kiatu kiko gotini. "Ana miaka kumi," akasema, "lakini ananilinda kama mimi ndiye mtoto. Mchukueni Jumamosi nzima. Nitakaa mwenyewe."

"Na ukianguka?" Gundi akauliza.

Fundi akainamia kiatu chake. Sisi wa nyuma ndio tuliojibu: tutakaa naye, wawili wawili, kwa zamu.

Gundi hakukubali kirahisi. Alitupima mmoja mmoja kwenye sakafu hii, yeye mwenyewe akilala chini kama mgonjwa. Kiongozi wa kikosi cha pili, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, alirudishwa mara tatu: kwanza kwa kucheka, pili kwa kumbana mabega, na tatu kwa kusahau kumsemesha. "Ukikaa kimya anaogopa," aliambiwa. "Hajui yuko wapi."

Hivyo ndivyo alivyopata muda wa kujifunza mengine: kusafisha kidonda, kupoza pahali palipoungua, kufunga mkono uliovunjika. Alipopimwa mara ya kwanza alifeli. Kitambaa cha kuning'inizia mkono kililegea, mkono wa mgonjwa ukaning'inia kama soksi. Alilia, akajifuta kwa bendeji yenyewe. Muuguzi anayetupima akamwambia, "Rudi baada ya wiki mbili. Na hiyo bendeji uifue."

Katika wiki hizo mbili fundi alianguka, zamu ikiwa ya wasichana wawili wa kikosi cha kwanza. Walifanya kila walichofundishwa. Gundi alipotoka darasani alimkuta baba yake ameketi, anakunywa maji.

"Mbona hamkuniita?"

"Tulitaka kukuita, baba yako akasema tukuache umalizie."

Alikaa chini kwenye ngazi ya kibanda. Mmoja wetu akamrushia mpira. Akautazama, akamtazama baba yake, kisha akainuka akacheza mpaka jua likapungua. Mgeni rasmi, hatukuwahi kumwona akicheza. Alipopimwa tena, alifaulu.

CHANGAMOTO

Tuna kitabu kimoja cha beji, na kurasa za upishi zimechukuliwa na panya. Bendeji zetu mbili zimefuliwa mpaka zinaonyesha upande wa pili. Muuguzi anatupima siku yake ya mapumziko, na hajawahi kulalamika.

Lakini ipo changamoto inayotusumbua zaidi. Wapo wenzetu wengine ambao huondoka mapema, au hawachagui beji yoyote. Kwa muda mrefu tuliwaita wavivu. Hatukuwahi kuwauliza nyumbani kuna nani.

MAOMBI

Tunaomba vitabu, bendeji, na mpimaji wa pili ili muuguzi wetu apumzike.

Tunaomba pia kuhusu kambi ya mwezi ujao. Kanuni inasema mzazi haruhusiwi kulala kambini. Gundi hajaandikisha jina, na akiulizwa anasema hapendi mahema. Baba yake anajua kushona ngozi, na beji ya kazi za ngozi haijawahi kupata mwalimu hapa kwetu. Tunaomba aje kama mwalimu. Zamu tumeshazipanga.

Ombi la mwisho ni dogo. Muda mfupi ujao utamwita Gundi, naye atakuja na baba yake, kwa kuwa anataka baba aishike beji wakati wewe unafunga pini. Fundi ana furaha kubwa leo, na jana hakupata usingizi. Mwili wake hauipendi hali hiyo. Akianguka hapa mbele, tafadhali usishtuke. Humu ndani kuna watoto thelathini wanaojua la kufanya.

Na wewe Gundi, tunakuomba mbele ya mgeni rasmi: likitokea hilo, usikimbie. Baki hapohapo ulipo, uvikwe beji yako.

Mwenyezi Mungu akutangulie katika safari yako ya kurudi, mgeni rasmi, na awape nguvu wote wanaolea na wanaolelewa.

Ni sisi,
Skauti wa Kundi la Darasa la Mwisho