Kompyuta Isiyoanguka

Kijiwe chetu kiko Kibirizi, Kigoma, mbele ya kibanda cha kahawa, karibu na mwalo wa boti za uvuvi. Jana alasiri Mudathir alikuja na kompyuta yake kwapani, amechoka lakini anatabasamu. Ndiye anayeendesha mtambo wa kuwatumia wavuvi wa dagaa ujumbe wa simu upepo mkali ukikaribia. Mtambo wenyewe, alivyotueleza, ni kompyuta pepe, ya kuigizwa tu, iliyo ndani ya kompyuta pepe nyingine, na zote mbili zimo ndani ya kompyuta moja ya kweli. Mimi nilielewa nusu, nikanywa kahawa.

Shida ni kwamba ile ya ndani kabisa ikikosea hesabu, taarifa ya hitilafu hupokewa kwanza na ile ya nje, ya kweli. Je, iimalize yenyewe au imkabidhi nani?

— Iimalize yenyewe, alisema Kasiani, tunayemwita Nanga kwa sababu akikaa hang'oki. Mkubwa ni jalala.

— Acha hizo, Nanga. Watu wakigombana botini, kesi inaanza kwa nahodha wao, haiendi kwa mwenyekiti wa mwalo.

Huyo alikuwa mzee Selestini, jina la kijiweni Redio. Mudathir akakiri kwamba Redio kapatia: hitilafu irudishwe kwa ya kati, maana ndiyo iliyoibeba ya ndani. Tatizo, ya kati nayo ilikuwa ikikosea palepale inapoamua, na mtambo mzima unaanguka. Wiki hii umeanguka mara tatu.

— Kwa hiyo asubuhi nimeiamuru ya nje izimeze hitilafu zote kimyakimya. Haujaanguka tena.

Nilikuwa wa kwanza kumsifu. Redio akanogewa, akasema huenda hata sisi tumo ndani ya kompyuta ya mtu, na umeme ukikatika Kigoma ni mwenyewe kasinzia. Nanga akaongeza kwamba basi Kongo, kule ng'ambo ya ziwa, ndiyo kompyuta ya kati. Chema chajiuza, akamalizia, na hatukujua kinahusiana nini.

Ndipo akafika Genoveva, anayeanika dagaa hapo chini, mke wa nahodha Elia. Alitusalimu, akamgeukia Mudathir.

— Mdogo wangu, Elia anashusha boti saa kumi na mbili. Leo hajapata ujumbe wowote. Ni ziwa limetulia, au ni mashine imenyamaza?

Mudathir alitazama kioo. Kilionyesha kwamba kila kitu ni salama. Alitutazama na sisi, tukatazama vikombe. Niliona aibu.

— Sijui, dada, alisema taratibu. Tangu asubuhi hata ikikosea inaandika salama. Mwambie asitoke kwanza.

Genoveva alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea mwaloni.