Mama Shungi na Nguruwe Wake wa Mwitu

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Shungi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa nne wa mwalimu wa hesabu na mshona nguo. Bibi yake alisema alitoka na haraka zake, mkunga hata hajanawa mikono.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea utabibu wa mifugo. Mwaka 1981 aliajiriwa na bustani ya wanyama, akapewa banda lisilotakiwa na mtu: la nguruwe mwitu wenye shungi la nywele kichwani, ambao msituni walikuwa wamebaki wachache mno. Bustanini walikuwa wawili tu, jike na kaka yake. Meneja alitaka banda livunjwe.

“Nani atalipa kiingilio aone nguruwe?”

“Simba wana wasemaji wengi,” Mama alimjibu. “Hawa wana mimi.”

Aliziandikia bustani nyingine miaka miwili, mpaka akaletwa dume. Siku ya kwanza tu dume akamchana jike sikio. Mama akawatenga kwa wavu, kila asubuhi akimpelekea kila mmoja nyasi alizolalia mwenzake, wazoeane harufu. Siku ya arobaini alifungua geti. Tarehe 3 Agosti 1984 walizaliwa watoto watatu.

Dume yule alivunja geti mara nne. Fundi wa kuchomelea akachoka. “Nitakuja hapa mpaka lini?”

“Mpaka useme kinachokuleta,” Mama alimjibu.

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986. Nyumbani Mama hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Mwaka 2019 figo zilishindwa. Saa nne za mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, zilimtesa kuliko maumivu. “Mwanangu, nichomoe, nina kazi,” alimwambia nesi.

“Kazi yako leo ni kukaa, mama.”

“Hiyo sikuisomea.”

Januari 2022 nguruwe sita waliozaliwa bandani waliachiliwa msituni. Mwezi Aprili, akiwa amelazwa, alimwona binti yake mdogo, aliyerithi kazi ile, hana raha.

“Unanificha nini?”

“Jike mmoja hatujamwona tangu Ijumaa.”

“Sasa unanikodolea macho mimi? Nenda!”

Binti alikwenda. Alhamisi, tarehe 21, alimkuta jike kichakani, akinyonyesha wanne. Alipiga simu wodini huku anacheka na kulia. Aliyepokea ni nesi. Mama alikuwa ametutoka saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Mungu ampe pumziko ambalo miaka yote tulimsihi Mama alichukue, akatukatalia.